Hiyo Moyo Inamuuma?

Homa Bay,
19 Februari 1996

Shemeji yangu Nchagwa,

Pokea salamu za huku tunakoishi kando ya ziwa na kukosa samaki. Gugumaji limeziba gati lote tangu Krismasi, mashua zimekaa tu, na wanawake waliozoea kuanika omena sasa wanaanika manung'uniko. Sisi ni wazima. Mwanangu Jeff ameingia darasa la saba na tayari anajua kuliko walimu wake, tabia ambayo hakuitoa upande wetu. Baba kule Uriri anaendelea vizuri, mguu umepungua uvimbe. Kila nikimtembelea ananiuliza swali lake lile lile, kwa Kiswahili kile kile alichokuulizia siku mlipokuja kuposa: "Hiyo moyo inamuuma?" Namjibu kuwa haukuumi, kama ulivyotuambia siku ile, naye anatikisa kichwa na kuomba chai.

Haya, tuingie kwenye shina. Zubair, rafiki yako mwenye hoteli, alipita hapa wiki jana akimpeleka mkewe hospitali. Nilimpa chai, naye akanipa habari bila kujua kuwa ni habari. Kwamba wewe ndiye mteja wake wa kwanza asubuhi na wa mwisho jioni. Kwamba karanga ya mbuzi, ile nyama ya kukaanga, unaitaka na mafuta yake yote. "Huyo bwana ya Ujerumani," alisema, "ukimpunguzia supu anauliza kama umekosana na yeye." Kwamba ukimaliza sahani unawasha sigara. Sigara, Nchagwa.

Labda umesahau wewe ni nani, basi nikukumbushe. Wewe ni mtu aliyekwenda Ujerumani kusomea mifugo, moyo wake ukaugua huko ukavimba, na mwaka wa 1991 madaktari wakampasua kifua, wakautoa, wakamwekea wa marehemu. Nimekuwa muuguzi miaka mingi na sijaona mwingine wa aina yako, si Homa Bay wala Kisumu. Kila mwaka chama cha wagonjwa cha huko kwao kinakugharamia uende Nairobi kupigwa picha ya mishipa ya moyo, ule mrija unaopitishwa pajani hadi ndani. Na mdogo wangu Pauline, ambaye kwa bahati mbaya ni mkeo, ananiambia mwaka huu hukwenda. Eti ulikuwa na kazi dukani. Ng'ombe wa watu wana minyoo, kwa hiyo moyo wako ungoje foleni.

Je, kifua kinakuuma? Nijibu hilo kwanza. Kutukanana tutatukanana baadaye.

Nakuandikia Kiswahili, kama kawaida, maana Kikuria chako kinanishinda na Kijaluo chako kinawashinda Wajaluo wenyewe.

Ni mimi, nisiyekuogopa,
Truphena

*

Migori,
2 Aprili 1996

Kwa shemeji Truphena, muuguzi wa wote walio hai,

Nakusalimu kwa heshima zote ninazopaswa kukupa kama dada mkubwa wa mke wangu, na hizo zikiisha nitaendelea bila heshima. Hapa Migori hatujambo. Mvua imeanza, mto umepanda, na duka langu la dawa za mifugo limejaa watu wanaotaka kujua kwa nini ng'ombe anakohoa. Pauline anakusalimu. Binti yetu Liz ameanza kutembea. Anakwenda hatua chache, anaanguka, anaangalia ni nani ameona.

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza nikicheka, mara ya pili nikitafuta mahali ulipoweka upendo. Sikupaona. Zubair nimemwambia kuwa hoteli yenye mpelelezi haina wateja, naye ameapa kuwa alikuwa anakusifia ukubwa wa shemeji yako.

Kuhusu sigara: ni moja, mbili nikiwa na wageni. Babu yangu alivuta tumbaku maisha yake yote na aliuawa na radi. Kuhusu mbuzi: nyama bila mafuta ni chakula cha watu waliofungwa. Nilikula chakula cha hospitali ya Wazungu miezi mitano, viazi na karoti zisizo na chumvi, nikaapa kuwa nikifika nyumbani sitaonewa tena na sahani. Na wewe unayetia vijiko vinne vya sukari kwenye kikombe kimoja huna haki ya kuniandikia kuhusu ulaji. Nyani haoni kundule.

Halafu unasahau jambo moja. Moyo huu ni wa kijana wa miaka ishirini na miwili aliyeanguka na pikipiki. Umezoea mwendo. Hauwezi kutishwa na supu ya Zubair. Huo wako ndio umekuwa ukipanda mlima wa Asego tangu enzi za mkoloni.

Umeuliza kama kifua kinauma. Hakiumi. Hakijaniuma hata siku moja tangu waliponishona. Mwambie Baba hivyo, na umwambie nimeapa. Mimi ni Mkuria, nilisimama mbele ya kisu cha tohara bila kupepesa jicho huku ukoo mzima ukinitazama usoni. Maumivu nayajua kwa sura. Siku yakija nitayatambua yakiwa bado getini, na nitakuandikia wewe wa kwanza ili ufurahi.

Shemeji yako mnene na mwenye afya,
Nchagwa

*

Homa Bay,
15 Aprili 1996

Shemeji,

Salamu. Jeff amekuwa wa tatu kwenye mtihani na hatulali kwa majigambo. Mguu wa Baba umerudi kuvimba kidogo kwa sababu ya mvua. Nimempa jibu lako na kiapo chako, amefurahi.

Hata mimi, sitaficha, hilo la kifua limenipa usingizi. Hapa kliniki mtu wa moyo huja ameshika kifua, jasho linamtoka, anasema ni kama amekanyagwa na ng'ombe. Maadamu wewe hukanyagwi, nitakutukana polepole bila haraka.

Nianze na ulaji. Vile vidonge vinavyouzuia mwili wako usiukatae moyo wa mgeni, ndivyo hivyo hivyo vinavyopandisha mafuta ya damu, vinapandisha presha, vinaleta na sukari. Hayo hayahitaji Ujerumani, yamo kwenye kijikaratasi kilichomo ndani ya boksi. Kwa hiyo mtu wa vidonge hivyo anatakiwa ale kama mtawa. Wewe unakula kama diwani.

Pili, Pauline anasema vidonge vyenyewe, zile kapsuli kubwa zinazonuka, vimejaa kabati hadi nguo za mtoto zinanuka, na kwamba boksi la Januari bado lina kapsuli. Leo ni Aprili. Hesabu hiyo hata Jeff anaiweza. Unazimeza au unazifuga?

Tatu, huyo kijana wako wa pikipiki. Nani alikuambia? Hospitali za huko, nilivyosikia, hazitaji marehemu. Nilikushika mkono Krismasi ukiwa umeketi tu unakula kuku, mapigo yalikuwa karibu mia moja, na nilipouliza ukaniambia ni pikipiki. Nilicheka. Nikiwa muuguzi, nilicheka. Siku hizi nikikumbuka najiona mjinga, ila sijui ni kwa nini hasa.

Nenda Nairobi. Waandikie wakupe tarehe nyingine. Na usinijibu kwa kunihubiria kisu. Kisu kilikuwa cha dakika moja.

Truphena

*

Migori,
8 Julai 1996

Shemeji mpendwa, uliyenipenda kwa njia ya kunitesa,

Nimekaa kimya muda mrefu kwa sababu nilikuwa nyumbani Kuria na shughuli kubwa, na usipokasirika kabla ya kufika mwisho wa barua utafurahi. Sisi ni wazima. Liz sasa anakimbia. Pauline amepanda sukuma wiki nyuma ya nyumba, najua kwa shauri la nani.

Shughuli ni hii. Mwezi wa Agosti, tarehe ishirini na nne, naingizwa katika daraja la wazee wa ukoo wetu. Kaka yangu Gisiri ameshachagua fahali. Katika nyumba yetu mzee mpya hupewa kidari, kipande chenye mafuta kuliko vyote, anakila mbele ya watu hadi kiishe, kisha anapokea tumbaku kutoka kwa mzee aliyemtangulia. Akikataa kidari, fahali huyo amekufa bure na yeye anarudi kukaa na vijana. Nakualika uje ushuhudie. Njoo na Baba kama mguu utakubali.

Nairobi walinipa tarehe, ni wiki hiyo hiyo. Nimewaambia mwakani. Usirushe barua chini, endelea kusoma. Mishipa ipo miaka mitano sasa na haijakimbia, haitakimbia kwa mwaka mmoja. Uzee haungoji. Nimeishi katikati ya watu hawa tangu nirudi kama maonyesho: wengine wanauliza kama nikiwa peke yangu naongea Kijerumani, wengine kama marehemu hunijia ndotoni kudai mali yake. Mama mmoja sokoni alitaka kunigusa kifua apate bahati. Siku nitakapokula kidari nitakuwa mzee kama wazee wengine, na huo upuuzi utakwisha.

Kuhusu kapsuli, nimezipunguza kwa akili. Mimi nimesomea dawa, ingawa ni za wanyama, na mnyama ni mnyama. Ng'ombe aliyepona hachomwi sindano kila asubuhi na kila jioni mpaka kufa. Nameza moja pale ambapo karatasi inasema mbili, na mwili haujalalamika. Kapsuli zenyewe zinanipandisha presha, wewe mwenyewe umesema, kwa hiyo nikizipunguza nakutii.

Kifua hakiumi, kabla hujauliza.

Mzee mtarajiwa,
Nchagwa

*

Homa Bay,
30 Septemba 1996

Nchagwa,

Baba ni mzima. Jeff ni mzima. Gugumaji bado lipo. Hizo ndizo salamu.

Nilikuja kwenye sherehe yako. Nilikaa na wanawake, nikakuona ukila kidari chote, mafuta yakikutiririka hadi kwenye kiwiko, watu wakishangilia. Nilikuona ukivuta tumbaku kama aliyezaliwa nayo. Yote hayo nilikuwa nimeyangoja. Ambalo sikulingoja ni lile la asubuhi, mlipokuwa mkipanda kutoka mtoni kwenda zizini. Ni kimlima cha kupandwa na mbuzi wachanga. Ulisimama mara tatu. Kila uliposimama uliweka mikono kiunoni ukaangalia ng'ombe, nao ng'ombe walikuwa upande wa pili. Mimi nikawaambia wenzangu, tazameni maringo ya mzee mpya. Tukacheka.

Wiki jana tulipelekwa Kisumu kwa semina. Alikuja daktari wa moyo kutoka Nairobi. Wakati wa chai nikamfuata, nikamweleza kuwa nina shemeji aliyebadilishiwa moyo. Akashangaa, akaanza kuuliza. Anavuta sigara? Ndiyo. Mafuta ya damu yako juu? Sijui, lakini anakula mbuzi mzima. Presha? Ndiyo. Sukari? Inanyemelea. Dawa anameza zote? Anameza nusu, kwa akili za ng'ombe. Alipata virusi miezi ya kwanza, mwili ulijaribu kuukataa moyo? Pauline aliwahi kunieleza kuwa ndiyo, mara mbili, ulirudishwa wodini. Aliyempa moyo alikuwa na umri gani? Nikasema kijana wa pikipiki, naye akaniuliza nani kasema. Kila swali nilivyolijibu nilizidi kuona haya, mpaka nikataka kumpa kitu kizuri. Nikamwambia, kwa fahari kabisa, "Lakini daktari, kifua hakimuumi hata kidogo."

Akaweka kikombe chini. Akaniambia, "Sista, huo moyo haumuumi kwa sababu hauwezi kuuma. Wakati wa kuutoa, neva zote hukatwa, ndiyo maana unapiga mbio hata akiwa ameketi, na kwa wengi neva hazirudi. Mishipa yake inaweza kuziba yote na mwenyewe asihisi kitu. Atakosa pumzi akipanda mlima, au miguu itavimba, au ataanguka tu siku moja akiwa anakunywa chai. Ndiyo sababu tunapiga picha kila mwaka. Hakuambiwa?"

Uliambiwa. Usiniandikie kuwa hukuambiwa. Wajerumani wanaomwambia mtu namna ya kufungua mlango hawawezi kukuwekea moyo wasikuambie hilo. Ulijua siku Baba alipokuuliza mbele ya wazee wetu, kabla hajakubali ng'ombe, swali moja tu alilokuwa nalo. Ulimtazama machoni ukasema, "Hauumi, Baba." Nami nilikuuliza, na kila barua umenijibu. Jibu la kweli kabisa, na halina maana yoyote. Ni kama kipofu kuulizwa kama ameona mwizi.

Mimi nilidhani nakudharau kwa ulafi. Kumbe nilikuwa nadharau kitu kidogo na kikubwa kimekaa pembeni. Kisu cha ujanani, maumivu unayajua kwa sura, utayatambua yakiwa getini! Mlinzi wa geti hilo walimwondoa mwaka wa 1991, na wewe ulikuwepo.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwenye kuumbuliwa siku hiyo hatakuwa wewe, utakuwa umelala. Atakuwa Pauline, na mtoto amembeba.

Nenda Nairobi.

Truphena

*

Homa Bay,
11 Novemba 1996

Nchagwa,

Hujajibu. Posta ya Migori haijafa, maana Pauline ameniandikia mara mbili na barua zimefika. Anasema umekuwa mkimya, unakula kidogo, na umemkaripia Zubair bila sababu. Anauliza kama najua kitu. Nimemwambia uzee huanza hivyo.

Jana nilikuwa Uriri. Baba aliniuliza swali lake. Nilifungua kinywa nikasema, "Haimuumi, Baba." Akatikisa kichwa, akaomba chai. Nikaenda jikoni nikakaa pale moshi unaponiliza hata bila sababu. Umenifanya msema kweli wa aina yako.

Sitasema tena neno hilo. Nakupa mpaka mwaka mpya, kisha nitamwambia Pauline mwenyewe, na Baba, na Zubair, na mama yule wa sokoni anayetaka bahati.

Truphena

*

Migori,
20 Januari 1997

Shemeji Truphena,

Heri ya mwaka mpya, ingawa umeanza bila mimi kukuandikia. Sisi tupo. Ukame umeingia, ng'ombe wanashuka bei na dawa zangu zinapanda. Liz anaongea lugha tatu na zote vibaya. Zubair tumepatana.

Kwanza nijitetee, maana umeniita mwongo kwa kurasa mbili. Baba yenu aliniuliza swali moja. Nilimjibu swali hilo. Kama angeuliza, "Je, huo moyo ukiharibika utajuaje?" ningemweleza, na leo Pauline angekuwa mke wa mwalimu fulani wa Rongo mwenye moyo aliozaliwa nao. Alichagua swali lake, nami sikuona sababu ya kumsaidia kuuliza. Wewe nawe umesoma uuguzi, umeshika mapigo yangu, ukaniuliza lile lile la mzee asiyejua kusoma. Kwa hiyo tugawane lawama. Ya kwako ichukue polepole, ni nzito.

Huyo kijana wa pikipiki sina hakika naye. Waliniambia tu ni mtu mzima. Pikipiki niliiongeza mwenyewe.

Sasa habari. Krismasi tulikuwa Kuria. Siku ya pili nilimbeba Liz kutoka mtoni, kile kimlima ulichokidharau. Katikati ikabidi nimweke chini. Akadhani ni mchezo, akashika njia mbele yangu, akafika juu, akageuka akaniita. Nikashindwa kwenda. Sikuwa na maumivu, shemeji, nakuapia, sikuwa na kitu chochote kifuani, palikuwa kimya kama nyumba ya watu waliohama. Hewa ndiyo ilikuwa haifiki. Akaniita tena. Nikaweka mikono kiunoni nikaangalia ng'ombe.

Nilikwenda Nairobi tarehe sita. Wakapitisha mrija, wakamwaga rangi yao, nikaona mishipa yangu kwenye televisheni. Daktari alinionyesha kwa kalamu. Mshipa unaotakiwa kuwa mnene kama majani ya kitunguu ni mwembamba kama uzi wa kushonea, tena si mahali pamoja ambapo wangeweza kupanua, ni urefu mzima hadi mwisho. Sababu hakuitaja moja. Alisema ni mafuta, ni sigara, ni presha, ni vile virusi vya mwanzo, ni kapsuli nilizozifuga, labda na umri wa moyo wenyewe. Nilitaka anipe moja ili nigombane nayo. Akasema zote zilikula sahani moja.

Amenipa kidonge kipya cha kushusha mafuta na kingine cha presha. Kapsuli nameza zote, asubuhi na jioni, Pauline akinitazama mdomoni. Sigara nimeacha.   

Sasa nakaa dukani najisikiliza. Mtu akija na ng'ombe mgonjwa namuuliza, anaumwa wapi, ukimgusa anapiga teke? Akipiga teke nafurahi, maana najua pa kuanzia. Halafu anaondoka, nabaki najigusa kifua, na hakuna teke. Naogopa, Truphena. Niliposimama mbele ya kisu sikuogopa, kwa sababu kilikuwa kinauma na nilijua kiko wapi. Hakuna Mkuria aliyewahi kuandika sentensi hii, kwa hiyo ichome ukimaliza kusoma: laiti ungeuma.

Pauline nimemwambia yote kabla wewe hujamwambia. Hakulia. Alichukua kopo la samli akampelekea jirani, akarudi akanipa sukuma wiki. Baba sijamwambia. Sina Kiswahili cha kumwambia.

Nchagwa

*

Homa Bay,
27 Januari 1997

Shemeji yangu,

Barua hii nampa dereva wa basi la Migori, haitangoja posta. Jeff anakusalimu. Gugumaji limesukumwa na upepo wiki hii, mashua mbili zimetoka.

Sentensi yako sijaichoma. Nimeiweka, nitakusomea siku ukianza tena maringo.

Lawama yangu nimeipokea na ni nzito kweli, ila usidhani imepunguza yako. Umeoa kwa jibu la ujanja, umekula kidari kwa mdomo wa fahari, umejitibu kama ndama, na sasa unashangaa kuwa unaogopa. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini lako nimegundua si la kufa, ni la kiburi tu, na wa kiburi nimewauguza wengi. Kuogopa ndicho kitu cha kwanza cha akili ulichofanya tangu nikujue.

Jana nilikwenda Uriri. Kabla Baba hajaniuliza nikamwambia mwenyewe. Nilimweleza kwa Kijaluo, taratibu, kwamba moyo wa mkwe wake haumuumi na hautamuuma kamwe, kwamba walikata kile kinachouma. Kwamba tulimwuliza swali lisilofaa, naye akatujibu. Nilidhani atadai Pauline arudi nyumbani, au atakutukana. Aliukanda mguu wake. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili, kana kwamba uko pale mlangoni na anataka usikie:

"Sasa ikiharibika, nani atamwambia?"

Nikamwambia ni mimi.

Kwa hiyo Jumamosi hii nakuja na mizani ya kliniki na mashine ya presha. Tutakwenda Kuria kupanda kile kimlima, wewe na mimi, na nitahesabu ni mara ngapi unaangalia ng'ombe. Mwezi ujao nitakuja tena, na unaofuata. Mwambie Zubair asinipikie chochote. Na wewe, usile kabla sijafika.

Truphena